Gauni la Hariri Utalivaa Saa Ngapi?

Mteja akiniambia anataka kushona gauni la hariri, simuulizi kwanza rangi wala mshono. Namuuliza atalivaa saa ngapi, na wapi. Harusi ya Tanga haiishi kwa saa mbili. Kuna nikaha baada ya alasiri, kuna kupamba, kuna ukumbini usiku, na katikati ya hayo yote kuna joto la kaskazi na hewa ya bahari iliyojaa unyevu. Kitambaa kilichopendeza kwenye picha ya simu, picha iliyopigwa mji wa baridi, kinaweza kumlowesha jasho bi harusi wa Ngamiani kabla hajashuka kwenye gari.

Wengi wetu tumezoea kuichukulia hariri kuwa kitambaa kimoja: kinang'aa, kinateleza, bei yake haishikiki. Ukweli ni kwamba hariri ni uzi. Kwa uzi huohuo wafumaji wanatoa kitambaa chepesi mpaka unauona mkono wako upande wa pili, wanatoa kingine kikavu kinachosimama bila kushikwa, na kingine kizito kinachoanguka kutoka begani mpaka miguuni bila kukunjika hata mara moja. Ukiingia dukani ukataja hariri bila kutaja aina, muuzaji atakupa ile anayotaka imwishie.

Tuanze na huo uzi, maana kila tabia ya kitambaa inatoka hapo. Kiwavi wa hariri anayefugwa hula majani ya mforsadi kwa muda wa karibu mwezi mmoja, anajivua ngozi mara 4, kisha anajifungia ndani ya kifukofuko anachokizungushia uzi mmoja usiokatika. Uzi huo unaweza kufika mita 900, na mara nyingine kupita hapo. Vifukofuko vinatiwa kwenye maji ya moto, ncha inatafutwa, nyuzi za vifukofuko kadhaa zinavutwa pamoja ndipo upatikane uzi mmoja wa kufumia. Kilo 1 ya hariri mbichi inataka vifukofuko elfu kadhaa. Kila ninapolikumbuka hilo, nashika mkasi kwa heshima.

Uzi ukitoka kwa kiwavi una sehemu mbili. Kuna fibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na kuna serisini, gundi inayoufunika na kuushikamanisha, ambayo ni kama robo ya uzito wote. Vitambaa vingi vya hariri huchemshwa kwa sabuni ili gundi itoke, na hapo ndipo hariri inapopata ulaini na mng'ao tunaoujua. Mng'ao wenyewe unatokana na umbo: uzi wa hariri haukuviringika, una pembe tatu hivi, kwa hiyo mwanga unaugonga na kurudi kwa namna nyingi.

Baada ya uzi, mambo mawili yanaamua kila kitu: uzito wa kitambaa na namna kilivyofumwa. Uzito wa hariri hupimwa kwa momi, na momi 1 ni sawa na gramu 4.3 hivi kwa mita ya mraba. Ukiagiza kitambaa kwa simu, muulize muuzaji ni momi ngapi. Akishindwa kujibu, jiulize mara mbili. Madukani kwetu si rahisi kulisikia neno hilo, kwa hiyo tumia mkono. Vuta kama mita moja kutoka kwenye jora, ikusanye ngumini, kisha iachie. Kitambaa chepesi kinajaa ngumi kidogo tu na kinashuka polepole. Kizito kinateremka chote kwa mara moja. Kisha kiinue dhidi ya mwanga wa mlangoni uone kama kivuli cha vidole vyako kinapita.

Sasa nije kwenye satini, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Satini ni namna ya kufuma. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zinaruka juu ya nyuzi kadhaa za mshindio, zile zinazokatiza, kabla ya kuzama, ndiyo maana uso mmoja unang'aa na wa nyuma umefifia. Unaweza kufuma satini kwa hariri, unaweza kuifuma kwa poliesta, na hizi zinazouzwa kwa wingi mjini kwetu ni za poliesta. Siichukii poliesta. Nimeshona magauni mazuri sana ya poliesta, na wasichana wengi wametoka wamependeza. Kinachoniuma ni mtu kulipa bei ya hariri akapewa kitu kingine.

Alikuja msichana mmoja na mama yake mdogo, wamebeba kitambaa cha rangi ya maziwa, kizuri machoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, kaeni."

"Tumeambiwa ni hariri tupu," akasema mama mdogo. "Yaani tumekopa kwa ajili yake."

Niliomba ruhusa, nikachomoa uzi mmoja pembeni kwa pini, nikaushika kwa kibano juu ya sahani yenye maji, nikawasha kiberiti. Uzi ulijikunja kuukimbia moto, ukayeyuka, ukaacha chembe nyeusi ngumu ambayo kucha haikuweza kuisaga. Ingekuwa hariri, ingewaka taratibu na kujizima ukiondoa moto, ingenuka nywele zilizoungua, na jivu lake lingesagika ukiligusa. Uzi wa viskosi nao ungewaka haraka na kunuka karatasi. Nilichomoa uzi wa pili, wa upande mwingine, maana vipo vitambaa ambavyo mtande ni hariri na mshindio ni kitu kingine, na ukipima upande mmoja tu unadanganyika.

"Poliesta, dada," nikamwambia mama mdogo. "Kitambaa si kibaya, lakini si hariri."

Hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mteja aulize: "Basi hiki tukitumie wapi?" Tulikipeleka ukumbini, usiku, kwenye kiyoyozi, nikakitia bitana ya pamba nyembamba ili kisigandame mwilini. Kwa nikaha ya alasiri walipata krepu ya hariri, nitakayoieleza mbele.

Sababu ya kutenganisha hivyo ni jasho. Hariri inaweza kunyonya unyevu mpaka kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kuihisi imelowa. Poliesta hainyonyi karibu chochote, kwa hiyo jasho linabaki kati ya ngozi na kitambaa. Dodoma au Arusha jioni pengine usingeona tofauti. Tanga utaiona kabla ya kufika kona ya barabara.

Satini ya hariri halisi, ile laini yenye mgongo wa krepu, inaitwa shamuzi. Ya momi 16 hadi 19 ndiyo ya magauni ya kawaida. Ni baridi kwenye ngozi, inafuata mwili, na kwa gauni refu la usiku sijaona kinachoizidi. Lakini haifichi kitu. Mstari wa nguo ya ndani unaonekana, tundu la sindano uliyoshona ukafumua linabaki, tone la maji linaacha alama. Jasho la kwapa ndio usiseme. Mteja akiniambia anaitaka shamuzi ya kijani kibichi kwa shughuli ya mchana uani, chini ya turubai, namkatalia kwa upole. Akisisitiza, namshonea vipande vya pamba vya kushikiza kwapani, vya kutoa na kufua, na namwomba achukue rangi nyeupe au nyeusi. Rangi za katikati ndizo zinazotangaza jasho.

Mimi mwenyewe moyo wangu uko kwenye krepu deshini. Nyuzi zake za mshindio husokotwa kwa nguvu sana kabla ya kufumwa, moja kuelekea kulia, nyingine kuelekea kushoto, kwa zamu. Kitambaa kikishachemshwa, nyuzi hizo zinataka kujifungua, kila moja upande wake, na kwa kuvutana huko uso unabaki na chembechembe ndogo kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Chembechembe hizo ndizo zinazovunja mwanga. Kitambaa hakipigi kelele, hakikunjiki ovyo, jasho halionekani upesi, na bado kinaanguka vizuri. Ya momi 14 hadi 16 inafaa gauni la nikaha, blauzi, hata suruali pana ya kuvaliwa na kanzu ya juu. Watu wanaipita dukani kwa sababu haimetemeti. Subiri mpaka itembee.

Na ukitaka kuiona krepu inavyoweza, ikate hanamu, yaani mshazari wa nyuzi. Hanamu inakula kitambaa, sikufichi, gauni linaweza kutaka mita moja zaidi au hata zaidi ya hiyo, lakini linavyozunguka nyonga na kufunguka magotini hakuna pensi, ule mkunjo wa kubana kiuno au kifua, wala zipu itakayokupa umbo lile. Sharti lake ni subira. Ukishaunganisha vipande, litundike gauni usiku kucha, ikiwezekana siku mbili, bila kupiga pindo. Hanamu hushuka kwa uzito wake yenyewe, na haishuki sawasawa: upande mmoja unaweza kurefuka kuliko mwingine. Baada ya hapo mvalishe mwenyewe, na viatu vyake vya siku hiyo, ndipo upime pindo kutoka sakafuni kwenda juu. Fundi anayekuahidi gauni la hanamu kwa siku moja hajakuonea huruma wewe wala kitambaa.

Jojeti ni ndugu wa krepu, ila nyuzi zake zimesokotwa kwa nguvu pande zote mbili, mtande na mshindio, kwa hiyo inarukaruka kidogo ukiishika na inapitisha mwanga. Mitandio mizuri ya hariri inatoka hapo. Shifoni ni nyepesi zaidi, momi 6 hadi 8, ya mikono, ya mitandio, ya kulaza juu ya kitambaa kingine.

Kukata shifoni ni kazi ya kufunga mlango. Nazima feni kwanza. Natandika shuka la pamba mezani ili isiteleze, juu yake karatasi ya shashi, kisha shifoni, kisha shashi nyingine, na nakata vyote kwa pamoja kwa mkasi ambao haujawahi kugusa karatasi ngumu wala zipu. Pini naziweka ndani ya sehemu ya mshono tu, pale ambapo tundu halitaonekana. Sindano ya cherehani lazima iwe mpya, namba 9, kwa sababu sindano iliyochoka haikati uzi wa hariri, inauvuta, na ukishavutwa unaona mstari mrefu unaokimbia mpaka upande wa pili. Mwanzoni mwa mshono nashika ncha za nyuzi kwa mkono wa kushoto, meno ya cherehani yasije yakameza pembe ya kitambaa. Mshono naushona mara mbili, kwanza nje halafu ndani, ili ukingo ujifiche, maana ovaloki kwenye shifoni inaonekana yote mpaka nje. Kwa kazi hii napenda cherehani ya miguu. Mguu unajua kwenda taratibu.

Oganza ni ile hariri ambayo gundi yake haikuondolewa. Ndiyo maana imekakamaa. Mikono iliyovimba, marinda ya shingoni, ua la kiunoni, hapo ndipo mahali pake. Usiifue kwa maji ya moto, gundi ikitoka inatepeta na hairudi tena.

Kuna wateja wanaorudisha dupioni dukani wakidhani ina kasoro, kwa sababu ya vinundu vinavyokatiza kitambaa. Vinundu hivyo ndivyo dupioni yenyewe. Hutokea pale viwavi wawili wanapojifungia kwenye kifukofuko kimoja, nyuzi zao zikachanganyika, na uzi unaovutwa ukatoka mnene hapa na mwembamba pale. Kitambaa kinakuwa kikavu, kinashika umbo, kinafaa koti, sketi ya marinda mapana, gauni la mama wa bi harusi anayetaka kuonekana ameshika heshima yake. Nyingine hufumwa mtande wa rangi moja na mshindio wa rangi nyingine, kwa hiyo mtu akigeuka gauni linabadilika, zambarau inakuwa dhahabu. Shantungi inafanana nayo, vinundu vyake ni vidogo na imetulia zaidi. Zote mbili zinafumuka nyuzi vibaya, kata na upige ovaloki hapohapo. Na usizibane mwilini: zikivutwa kila siku mahali pamoja, nyuzi hufunguka pembeni ya mshono na hakuna kiraka cha kuficha hilo.

Kwa bitana, habotai, hariri nyepesi na laini, ya momi 8. Watu hubana pesa kwenye bitana, wakati bitana ndiyo inayogusa ngozi. Afadhali krepu ya bei ya chini na bitana ya habotai kuliko shamuzi ya gharama iliyowekewa nailoni ndani.

Sari za zamani zinastahili makala yake peke yake. Tanga ina familia zenye asili ya India za tangu enzi za mababu, na kabati za bibi zao zimehifadhi hariri ambazo leo ukizitafuta utazunguka sana. Sari moja ina urefu wa karibu mita 5 na nusu, inatosha gauni refu la mikono, na ule upande wa mwisho wenye nakshi nyingi unakaa vizuri kifuani au mgongoni. Kabla ya kukata, fungua sari yote na uipitishe mbele ya dirisha, uangalie mistari ya mikunjo. Hariri iliyokunjwa mahali palepale kwa miaka mingi hukatika kwenye mkunjo. Unaweza usione chochote mezani, halafu gauni likapasuka siku ya kwanza mtu anapoketi. Zari, zile nyuzi za nakshi zinazong'aa kama dhahabu, nayo isiguswe na pasi ya moto, weka kitambaa juu yake.

Uvaaji huu si mgeni mwambaoni. Wareno waliofika huku karne ya 16 waliandika juu ya wafumaji wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, ambao vitambaa vyao vya hariri vilitafutwa na miji mingine ya pwani. Tulikuwa na mafundi wa kuifuma, achilia mbali wa kuishona. Nikisikia watu wakisema hariri ni mambo ya watu wa nje, huwa nawakumbusha Pate.

Na kuna jambo linalonirudia mara kwa mara nikipita vichochoroni na kuona mibarika imejiotea. Si kila hariri inataka mforsadi. Huko Assam, India, wanafuga kiwavi anayekula majani ya mbarika, na hariri yake inaitwa eri. Kifukofuko chake kimeachwa wazi upande mmoja, nondo anaweza kutoka mwenyewe kabla ya kusokota, na uzi wake unasokotwa kama pamba badala ya kuvutwa mzima. Kitambaa chake hakimetemeti, ni kizito kidogo, kinatia joto, kwa hiyo kwa hewa yetu kingefaa shali za Lushoto zaidi ya magauni ya mjini. Madagaska nao wana hariri yao ya msituni, na Wayoruba wa Nigeria wanafuma sanyan kwa hariri ya viwavi wa porini. Mkoa wetu ulijulikana duniani kwa mkonge, uzi mgumu kuliko yote. Sioni kwa nini kijana wa Muheza mwenye shamba na mibarika asijaribu huu mwingine.

Tasa ni hariri nyingine ya msituni ya India, rangi yake ya asili ni ya asali, na hiyo huwa siitii rangi yoyote. Inapendeza ilivyo.

Wanaume wananiuliza pia, hasa mabwana harusi. Kwa Waislamu hariri ni haramu kwa mwanamume, isipokuwa kiasi kidogo, na wanazuoni wengi wanataja upana wa vidole vinne. Kwa hiyo kitambaa cha kanzu nakipima kwa moto kabla sijakata, na kama kuna mchanganyiko namweleza mwenye nguo ili amuulize sheikh wake. Huo si uamuzi wa fundi.

Kufua. Maji ya kawaida, sabuni laini ya nywele au ya mtoto, dakika chache tu, bila kusugua wala kukamua, kwa sababu hariri ikilowa hupungua nguvu. Maji ya mwisho yatie kijiko cha siki. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini usizisogeze karibu, zinaiyeyusha hariri kabisa. Izungushe kwenye taulo inyonye maji, uanike kivulini, maana jua la Tanga huifubaza rangi na kuudhoofisha uzi wenyewe. Pasi ipite upande wa ndani kitambaa kikiwa bado na unyevu, moto mdogo. Ukisubiri kikauke halafu ukinyunyizie matone, matone yatabaki.

Wakati wa masika usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, itaota ukungu. Ifunge kwenye leso ya zamani iliyofuliwa vizuri, na kila baada ya wiki chache uifungue, uikunje mahali tofauti na pale ilipokunjwa mara ya mwisho. Udi fukiza chumba kwanza, gauni lining'inie mbali na chetezo, cheche moja inatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Manukato ya chupa jipake mwilini yakauke ndipo uvae. Na mkirudi shughulini usiku, hata mkiwa mmechoka vipi, usilale na jasho ndani ya gauni: livue, ligeuze nje ndani, litundike penye hewa, asubuhi ulifue.